Wadudu Vijiti Sitini na Wawili, Aina Ngapi?

Jumapili, mwezi wa pili, baada ya adhuhuri. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inadondoka kwenye bati. Miguu inauma. Kichwani nina hesabu inayokataa kufungika.

Mimi si mtu wa kuchanganyikiwa. Nipe ubao na futikamba, nitakwambia vitatoka vipande vingapi kabla sijashika msumeno. Lakini leo nimekaa mbele ya sanduku nililolichonga kwa mninga kwa mikono yangu, ndani yake wadudu vijiti sitini na wawili wamechomwa pini kwa mistari, na sijui ni aina ngapi.

Juma lililopita nilijua. Zilikuwa tisa.

Niandike kwa mpangilio, huenda mpangilio ukanisaidia.

Ofisi yetu hapa Tabora inachunguza wadudu wa misituni. Nilianza kazi mwaka wa pili wa Uhuru, kama seremala, niwachongee masanduku ya kuhifadhia. Elimu yangu ni darasa la nne. Majina yale marefu ya wadudu nilijifunza kwa kunakili vikaratasi vya watu wengine, herufi moja moja, mpaka siku moja mtaalamu mmoja akakosea kuandika na mimi ndiye niliyemwonyesha. Hakunishukuru. Tangu nianze wamepita wataalamu wawili, na huyu Ndugu Festo ni wa tatu. Wote watatu nimewaonyesha mimi mti gani una mdudu gani na mwezi gani. Miaka kumi na mmoja! Na kwenye daftari la wafanyakazi, ukifunua leo hii, utasoma: Sudi, seremala.

Wadudu vijiti niliwachukua kwa sababu hapakuwa na aliyewataka. Wakubwa walitaka vipepeo, au wale wanaotoboa mbao. Mdudu kijiti hana faida wala hasara. Anakaa mtini, mwembamba, miguu kama njiti, upepo ukivuma naye anayumba pamoja na tawi. Wengi mjini ukiwaonyesha wanasema ni vunjajungu. Si vunjajungu. Vunjajungu anakula wenzake. Huyu anakula majani, na hana neno na mtu.

Nikawakusanya. Kigwa kandokando ya reli, Kwihara, na zaidi ya yote Mitunduni, kijiji kilichokuwa ndani kabisa ya miombo. Nikawagawa kwa macho yangu mwenyewe: urefu, unene, rangi, mabawa. Zikatoka aina tisa, nikazipa namba, Moja hadi Tisa.

Jumamosi ya juma lililopita barua ikaja kutoka makao makuu. Kuna mtaalamu wa nje, yeye maisha yake yote ni wadudu vijiti tu, amekubali kutazama sanduku letu. Lipelekwe kwa treni ya Jumatatu hii, pamoja na orodha ya aina na jina la aliyekusanya. Aina zikikubalika, orodha itachapwa kwenye kijitabu cha ofisi.

Ndugu Festo aliniletea barua ile karakanani mwenyewe, hakumtuma tarishi.

"Shikamoo, Mzee Sudi. Soma hapa. Jina lako likichapwa na aina tisa, mimi naandika siku hiyo hiyo ubadilishwe cheo. Uitwe mkusanyaji. Hawatakuwa na la kusema."

"Na zikiwa nane?"

Akacheka. "Nane nazo nyingi. Lakini tisa ndiyo niliyokwisha kuwaambia."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Jina, na cheo kinachoendana na kazi ninayoifanya. Sikutaka zaidi ya hapo.

Balaa lilianzia stoo. Spiriti imekwisha tangu mwezi wa kumi, tumeandika mara tatu na jibu ni subirini. Miaka yote hii, nikikamata mdudu namtia chupani papo hapo, akifa namchoma pini, kazi imekwisha. Msimu huu sikuwa na cha kumtia chupani. Basi nikatengeneza nyumbani kabati la wavu wa chandarua, nikapanga matawi ya mpera na ya mtundu, ule mti wa miombo, kwenye makopo ya maji, nikawaweka humo wangali hai, wangoje spiriti.

Kwa mara ya kwanza nikawaona wakiishi.

Jumatano asubuhi nikafungua kabati. Aina ya Tatu ni mkubwa, shubiri moja na nusu, mnene kama penseli, hana bawa hata moja. Aina ya Sita ni mwembamba kama njiti ya ufagio, ana mabawa na anaruka vizuri tu. Nikamkuta wa Sita amempanda wa Tatu mgongoni. Nikadhani amepotea njia. Hakushuka hadi Alhamisi jioni.

Nikamwita mke wangu atazame. Kosa langu.

"Baba Zuhura," akasema, ameshika mlango asianguke kwa kicheko, "miaka yote hiyo huyu umemweka mstari wa tatu na huyu mstari wa sita? Umewaachanisha watu na ndoa yao kwa pini!"

Tisa, toa moja. Nane.

Alhamisi hiyo hiyo wa Pili, yule mdogo wa kijani asiye na mabawa, akajining'iniza kichwa chini, akapasuka mgongoni, akajivua. Aliyetoka alikuwa wa kahawia na mwenye mabawa mafupi. Nilimtazama mpaka akakauka. Nikaenda sandukuni, nikarudi kabatini, nikaenda tena sandukuni. Alikuwa wa Nne, bila shaka yoyote. Yaani wa Pili ni mtoto, na wa Nne ni huyo huyo akishakua.

Saba.

Naandika haya na aibu yangu. Mume na mke nimewaita aina mbili. Mtoto na mzazi nimewaita aina mbili. Na hapo mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wataalamu wa kukaa kitini.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa Ndugu Festo kumwambia. Nilijiandaa anicheke, nilikuwa na jibu langu tayari. Hakucheka. Alivuta kiti, akasema mtego huo umewanasa wengi, hata wenye vyeo vikubwa, kwa sababu kwa wadudu hawa dume na jike hawafanani kabisa, na mmoja anaweza kuwa wa kijani na ndugu yake wa kahawia, tumbo moja. Akasema hata namna ya kuwapanga katika mafungu makubwa bado inabishaniwa. Wapo wanaotazama urefu wa vipapasio. Wapo wanaotazama kipembetatu kidogo kilicho chini ya ncha ya mguu, mwenye nacho upande huu, asiye nacho upande ule. Halafu wanakuja wengine wanasema kipembetatu hicho hakithibitishi undugu wowote.

"Sasa nitazame nini?" nikamuuliza.

"Mayai, Mzee. Kila aina na yai lake."

Mdudu kijiti anataga huku anatembea juu mtini, mayai yanaanguka chini moja moja. Ukiyaona utasema ni mbegu. Hata sisimizi hudanganyika wakayabeba. Nikarudi nyumbani, nikamwaga takataka za chini ya kila kopo kwenye karatasi yake, nikakaa na kioo cha kukuzia. Niliyoyapata kwa wa Tano ndiyo yaliyonimaliza. Nilikuwa na majike wawili wa aina ya Tano, kila mmoja na kopo lake, mbali na mwenzake. Ukiwaweka pamoja hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Lakini mayai ya kopo la kwanza ni laini, yanang'aa kama punje ya mtama iliyopakwa mafuta. Ya kopo la pili yana makwaruzo, na juu ya kifuniko yana kifundo.

Yaani wale niliowaona mbali mbali ni wamoja, na wale niliowaona wamoja ni mbalimbali.

Saba, ongeza moja. Nane tena.

Na aina ya Kwanza, yule wa Kwihara, wa kwenye mipera iliyo karibu na njia ya zamani ya misafara, yeye hata sijui nimweke wapi. Nimekamata kumi na tisa miaka hii yote. Wote majike. Waliomo kabatini hawajawahi kuona dume, na mayai yao yanaanguliwa vile vile. Ndugu Festo anasema inawezekana, wako wa namna hiyo, jike mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Anasema huenda yai lilikuja ndani ya majani ya kufungia mizigo, enzi za wapagazi. Babu yangu naye alikuja hapa na mzigo kichwani kutoka Manyema, ila yeye ilimbidi atafute mke. Nikimtafutia wa Kwanza mume kati ya hawa wengine nitakosea? Nisipomtafutia nitakosea? Nimemwacha alipo.

Basi ni nane. Nane ningeweza kuishi nayo. Jioni ile nilimpelekea Ndugu Festo sanduku na hesabu hiyo. Nilikuwa nimeshasimama niondoke, akalisogeza sanduku, akatazama mistari miwili ya mwisho.

Aina ya Nane ni mdogo, mweusi mweusi, ana vijani vidogo vya nyama kwenye mapaja. Nimechoma watano. Aina ya Tisa ana vijani vile vile na rangi ile ile, lakini ni mkubwa karibu mara mbili. Nimechoma tisa, na wote, wa Nane na wa Tisa, ni majike waliokomaa, wenye mayai tumboni. Tisa ndiye fahari yangu. Niliwatenganisha kwa hoja ninayoiamini hadi sasa: wote wametoka mahali pamoja, mti mmoja, mtundu, chakula kimoja. Kama ni wamoja, kwa nini mmoja awe mara mbili ya mwenzake? Lakini kama wangetoka mahali tofauti, hapo hoja inakufa. Wa huku akila vizuri anakuwa mkubwa, wa kule akila vibaya anadumaa. Aina moja tu.

Kwenye vikaratasi kumi na vinne, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeandika neno moja: Mitunduni.

"Mzee Sudi," Ndugu Festo akauliza taratibu, "Mitunduni ipi?"

Nikarudi kukaa.

Kwa sababu Mitunduni ilihamishwa. Kijiji cha zamani kilikuwa maili kumi na sita kutoka mjini, ndani ya miombo. Wakati wa kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, malori yalikuja yakawachukua, yakawashusha barabarani, maili tisa kutoka mjini, mahali pa vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Wakajenga upya kwa mistari. Na jina wakalibeba pamoja na sufuria zao. Kila mtu akaendelea kusema Mitunduni. Bwana shamba, katibu wa tawi, mwenye duka, wote Mitunduni. Na mimi, ninayejidai kupima hadi nusu ya inchi, nikaendelea kuandika Mitunduni, kabla na baada, bila maili, bila mwaka.

Sikuwahi kuwaza kwamba jina linaweza kutembea maili saba.

Jana Jumamosi nikachukua baiskeli nikaondoka baada ya sala ya alfajiri. Kijiji kipya nilifika watu wakitoka kwenye shamba la pamoja. Nilimtafuta Mama Kabula. Ni mkulima, Mmoravian, mwimbaji wa kwaya, na wadudu wangu wengi wa huko yeye ndiye aliyenipatia, maana wanawake wakifungua mizigo ya kuni ndipo wanapowaona. Alisikia kengele ya baiskeli yangu akapiga kelele kutoka uani.

"Karibu, Fundi Majeneza! Leo umekuja kuzika nani?"

Ndilo jina langu huko. Kwa sababu ya masanduku.

Nikamweleza shida yangu. Wale weusi, wakubwa kwa wadogo, alinipa kabla hawajahama au baada? Akafikiri kweli kweli, mikono kiunoni.

"Wengine kabla. Wengine baada. Wewe ulikuwa unachukua tu na kuandika, sisi tukasema huyu anajua anachoandika."

"Na wale wa baada, uliwapata miti ya hapa?"

Akanishangaa. "Hapa pana mti? Tazama. Kuni tunazitoa kule kule kwetu. Baba Kabula anakwenda na mkokoteni wa ng'ombe, anarudi siku ya pili."

Nikakaa chini kwenye kinu kilicholazwa. Kumbe hata niliowachukua hapa kijiji kipya walipanda mkokoteni kutoka kule. Au baadhi yao. Vichakani napo wapo, watoto huwa wanawaleta. Kwa hiyo huenda vikaratasi vyote kumi na vinne ni vya kijiji cha zamani, na hoja yangu iko hai, na Tisa ni Tisa. Au huenda sivyo.

"Sasa Mama Kabula, niandike Mitunduni ni wapi?"

"Mitunduni ni sisi," akasema. "Wewe uliandika miti?"

Wanawake wenzake wakacheka. Yeye yuko sawa, na mimi niko sawa, na wadudu wamekaa katikati.

Nikaendelea hadi kijiji cha zamani, maili saba za njia ya mkokoteni, mvua ikaninasa nusu ya safari. Nyumba zimebaki matuta ya udongo. Majani yamefika kifuani. Nilitafuta kwa saa tatu kwa saa yangu ya mkono, mti baada ya mti, nikitikisa matawi juu ya mwavuli uliogeuzwa. Nikapata wanne wa Nane, wale wadogo. Wa Tisa hata mmoja sikumpata. Ningempata Tisa mmoja tu, mti mmoja na hawa, ningerudi naimba. Ningewapata wengi kule kijiji kipya na hapa nikose kabisa, nayo ingekuwa habari. Nilichokipata hakisemi ndiyo wala siyo. Nimelowa hadi mifupa kwa jibu la aina hiyo.

Leo asubuhi nimemweleza Mama Zuhura. Yeye aliona ni jambo dogo.

"Andika ya zamani kwenye vyote. Nani atajua? Tisa wanazitaka, wape. Huko mbele wakiona si tisa, waondoe wenyewe. Wao wamekuita seremala miaka kumi na mmoja, nani aliwauliza walipata wapi?"

Nilikata vikaratasi kumi na vinne vipya. Nikachovya kalamu. Kwenye cha kwanza nikaandika Mitunduni ya zamani, kikawa kizuri, hata wino haukutapakaa. Nikaweka kalamu chini.

Nikijiambia ukweli, kilichonizuia si uchaji wa Mungu. Ni hasira. Wataalamu wale wawili wa kwanza walikuwa wakijaza vikaratasi hivyo hivyo, kwa kukisia, wamekaa ofisini, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasema kwa Mama Zuhura kila jioni. Sasa nikisie mimi ili nipate kuitwa mkusanyaji? Basi nitakuwa nimepata cheo chao na tabia yao kwa pamoja.

Nikakichana.

Kwenye vyote kumi na vinne nimeandika: Mitunduni, ya zamani au mpya, mkusanyaji hakuandika. Wa Tatu na wa Sita nimewaweka mstari mmoja. Wa Pili nimemrudisha kwa wa Nne. Wa Tano nimewagawa wale tu ninaojua mayai yao, na waliobaki nimewaacha katikati. Kwenye orodha, mahali pa jumla ya aina, nimeandika saba au nane.

Saba au nane! Mimi! Ningemfukuza mwanafunzi karakanani kwa kipimo cha namna hiyo.

Saa nane Ndugu Festo alipita hapa nyumbani, mwavuli mkononi. Alisoma orodha amesimama. Alisoma vikaratasi vyote, kimoja kimoja. Nilikuwa nangoja aniambie walau tungesema nane kamili, na nilikuwa tayari kugombana. Alitia sahihi tu.

"Cheo hiki hakitatoka mwaka huu, Mzee wangu," akasema. "Nitaandika hata hivyo. Lakini usitegemee."

"Sitegemei."

Hapo nilidanganya. Nilikuwa nategemea, na bado nategemea, na sijui ni kwa hesabu gani.

Alipoondoka nimefunga kifuniko, skrubu nne. Nilidhani mtu akiandika kweli anajisikia mwepesi. Mimi sijisikii chochote isipokuwa magoti. Sijui kama nimefanya uaminifu au nimejinyima kwa kiburi. Sijui hata kama yule Tisa ni kitu au ni Nane aliyeshiba.

Ninachojua ni cha kufanya. Jumamosi ijayo narudi msituni na daftari jipya. Nitaandika maili kutoka stesheni, mkono wa kulia au wa kushoto wa njia, mti, mwezi na mwaka. Jina la kijiji nitaliandika mwisho, kwa penseli.

Na wakihamishwa tena, nitalifuta?